Sura ya 6: Kindege wa Mafunjo na Mito ya Gusii

Maji ya Gusii huishia ziwani. Mto Gucha huzaliwa kwenye milima ya Kiabonyoru, Kaunti ya Nyamira, hupita Kisii, huingia Migori ambako wenyeji huuita Kuja, na baada ya takriban kilomita 149 humwaga maji yake Ziwa Victoria huko Nyatike. Awach Tende na Kibuon nazo huteremka kutoka miinuko hiyohiyo hadi Ghuba ya Winam, upande wa Kendu Bay. Kaskazini, Mto Sondu unaotoka Msitu wa Mau hupita mpakani mwa Nyamira kabla ya kuporomoka kuelekea uwanda wa Nyakach. Kwa maji, safari hii si ndefu. Yanatoka kwenye vilima vya mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari na kufika kwenye ziwa lililo mita 1,134.

Kwenye ukingo wa ziwa hilo, ndani ya mafunjo, anaishi ndege ninayetaka tumjue katika sura hii. Ni mdogo, sentimita 13 hivi tangu mdomoni hadi mkiani. Mgongo wake ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani iliyofifia, na kifuani hadi tumboni ni manjano. Mdomo wake ni mwembamba, wa mla wadudu. Miguu yake ni mikubwa kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, ina kucha imara za kushikilia mashina laini yaliyosimama wima, maana humo ndani hakuna tawi la kutua. Wanasayansi humwita Calamonastides gracilirostris. Wapo wenzake wa jamii hiyo Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, na wengine mbali kusini, karibu na Ziwa Mweru. Hapa Kenya hana kwao kwingine zaidi ya vinamasi vya Ziwa Victoria.

Kuna ndege wengi wa kupendeza zaidi ambao ningeweza kuwaandikia watu wa Gusii. Nimemchagua huyu kwa sababu hatima yake imo mikononi mwa watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona, na mikono hiyo ni yetu tunaolima kwenye mteremko.

Kumwona si kazi rahisi hata kwa aliyefunga safari kwa ajili hiyo. Hukaa ndani, mahali ambapo mashina yamesongamana, na hupanda na kushuka kwenye shina moja hadi jingine bila kujitokeza. Anayemtafuta hufika Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kabla jua halijapanda, akapanda mtumbwi na kumwomba mvuvi azime injini au aache kupiga kasia. Ukimya ndio unaomtoa. Sauti yake si ya kishindo. Ni noti chache fupi zinazotoka mahali usipoweza kupaona, kisha kimya, kisha noti nyingine kutoka upande mwingine. Wakati mwingine mafunjo hutikisika kidogo, rangi ya manjano ikapita, na basi. Aliyebahatika kumwona kwa sekunde tatu anarudi nyumbani ameshiba.

Asubuhi hiyohiyo utamsikia jirani yake mwenye makeke zaidi, tiva wa mafunjo, Laniarius mufumbiri. Huyu ana mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano iliyokolea, na bawani ana mstari mweupe. Dume hutoa mluzi mzito na jike humjibu papo hapo, kwa wepesi kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni koo moja linaloimba. Tiva naye hutegemea mafunjo. Kadhalika chiriku wa mafunjo, na baadhi ya ndege wadogo wa kahawia ambao hata wataalamu huwatofautisha kwa sauti kuliko kwa macho. Hawa wote ni kama ukoo mmoja uliojenga katika boma moja: mafunjo yakikatwa, hakuna anayehamia kwenye shamba la mahindi wala kwenye msitu wa mikaratusi. Ndege wa aina nyingine, kama kurumbiza au mbayuwayu, wanaweza kuzoea ua wa nyumba na paa la shule. Hawa hawawezi.

Kwa hiyo kumtetea kindege huyu ni kutetea mmea. Mafunjo hukua hadi mita 4 au 5, kila shina likibeba juu yake shungi la nyuzi za kijani. Chini, mizizi na mashina ya ardhini husukana na kuwa mkeka mnene, ambao mara nyingi huelea juu ya maji na kumbeba mtu anayejua mahali pa kukanyaga. Mkeka huo ndio chujio. Maji yanayokuja na udongo mwekundu hupunguza kasi yakiuingia, udongo unatuama, na mbolea iliyooshwa mashambani hunyonywa na mmea kabla haijafika ziwani kulisha gugu maji. Wakazi wa Kampala wanaijua faida hiyo kwa njia ya moja kwa moja. Maji machafu ya jiji lao hupita katika kinamasi cha Nakivubo yakielekea ghuba ileile ambayo jiji huchota maji yake ya kunywa huko Ggaba. Kinamasi kikiharibiwa, kazi iliyokuwa ikifanywa bure lazima ifanywe na mtambo, na mtambo una bei.

Samaki nao humo ndimo wanamojificha wakiwa wadogo. Baada ya mbuta kuingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wa asili zilitoweka katika ziwa kuu. Ngege, samaki aliyepewa jina la Oreochromis esculentus na ambaye zamani alikuwa ndiye kitoweo cha ziwa hili, alibaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, yakiwa yamekingwa na mafunjo. Katika kinamasi hicho hicho wangali wapo nzohe, swala anayeogelea. Mtu wa Kisii anayenunua omena na samaki sokoni Daraja Mbili ananunua, kwa sehemu, kilicholindwa na mmea huo.

Na mmea wenyewe unaweza kuisha. Misri ndiyo iliyoufanya uwe maarufu duniani, kwa maelfu ya miaka ikiandika juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa mashina yake. Lakini mafunjo ya porini yalitoweka karibu kabisa katika Misri yenyewe, hata Hassan Ragab, mhandisi aliyepata kuwa balozi, alipotaka kufufua utengenezaji wa karatasi ile miaka ya 1960, ilimbidi aagize miche kutoka Sudan. Mto ni uleule mmoja. Maji yanayotoka Kiabonyoru hupita Nyatike, hupita Jinja, hupita Sudan Kusini na Sudan, na hatimaye hupita Cairo. Nchi iliyoujua mmea huu kuliko nchi nyingine yoyote iliupoteza, kwa hiyo sioni kwa nini sisi tujihesabu salama.

Kwa upande wetu hesabu zipo. Mwaka 1999, Leon Bennun na Peter Njoroge walichapisha kitabu kuhusu maeneo muhimu kwa ndege nchini Kenya. Waliyataja 60, na miongoni mwake ni vinamasi vya Yala, Sio Port, Dunga, Koguta na Kusa. Kitabu hicho kilimhesabu kindege wetu miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Miaka 8 baadaye, Alfred Owino na Peter Ryan walilinganisha picha za zamani na za karibuni na kuonyesha kilichotokea kati ya mwaka 1969 na 2000. Dunga ilikuwa imepoteza asilimia 50 ya mafunjo yake, Koguta asilimia 47, na Kusa asilimia 34. Hivyo ndivyo vinamasi vilivyo jirani kabisa na mito inayotoka milimani kwetu. Theluthi hadi nusu ya nyumba ya ndege ilibomolewa ndani ya miaka 31, ambayo ni muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuanza kugawiwa shamba.

Sababu kubwa iko palepale ufukweni, na haifai kuifunika. Ziwa linaporudi nyuma, ardhi nyeusi yenye rutuba hubaki wazi. Watu wenye njaa hukata mafunjo, huyachoma, na kupanda mahindi, nduma, sukuma wiki na nyanya. Wengine huyakata kwa mikeka na kuezekea. Huko Yala, sehemu kubwa ya kinamasi ilikaushwa kwa mitaro kwa ajili ya kilimo cha biashara. Ziwa nalo lina zamu zake: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kufikia kiwango kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964, mashamba ya ufukweni yakazama pamoja na nyumba, na mafunjo yakapata nafasi mahali pengine huku yakizama mahali pengine. Lakini kinamasi kizima huhimili kupanda na kushuka kwa ziwa, kama kilivyohimili tangu zamani. Kinamasi kilichobaki vipande vipande, kimoja hapa na kingine kilomita nyingi huko, hakina pa kurudi nyuma wala pa kusonga mbele, na ndege mdogo asiyependa kuvuka uwazi hubaki amefungiwa katika kipande chake.

Sasa tupande juu, tufike nyumbani.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Kila anayelima huku anajua maana yake: shamba la babu liligawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, na mpaka wa shamba ukashuka mteremko hadi ukagusa maji. Bonde la chini, ambalo zamani lilikuwa chepechepe lenye matete na majani ya kuezekea, malisho ya wakati wa kiangazi, lilibaki kuwa ardhi pekee ambayo haijapandwa. Simlaumu aliyeliingia. Naandika nikijua bei ya gunia la mahindi na karo ya shule.

Lakini tazama tulichopanda humo. Mkaratusi uliletwa kutoka Australia, na sifa yake ya kunywa maji mengi ndiyo iliyofanya wengi waupande kwenye chepechepe makusudi, ili pakauke. Soko lake ni la uhakika, kwa sababu viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni, na miti hutakiwa kwa ujenzi na kwa nguzo. Hivyo mabonde mengi ya Kisii na Nyamira yamegeuka kuwa safu za mikaratusi iliyosimama kandokando ya mto, na chemchemi ambazo bibi zetu walichota maji Januari nzima sasa hukauka kabla mwezi haujaisha. Penye udongo wa mfinyanzi pamechimbwa kwa ajili ya matofali, yakabaki mashimo ya maji yaliyotuama na matanuri yanayokula kuni zilezile. Juu ya mteremko, mahindi yamepandwa hadi ukingoni bila matuta wala mstari wa majani ya kuzuia udongo.

Mvua ya Aprili ikinyesha, na Gusii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Kenya, hakuna tena kinamasi cha juu cha kuyapokea maji na kuyaachilia polepole. Yanashuka yote kwa pamoja, mekundu. Watu wa Nyatike hupokea mafuriko kwenye mashamba yao. Kinamasi cha ziwani hupokea matope mengi kuliko kinavyoweza kuchuja, na matope hayo hujenga ardhi mpya ukingoni, ambayo kiangazi kinachofuata huwa shamba la mtu. Kiangazi chenyewe kinakuja na mto mwembamba. Hivi ndivyo jembe la Nyamira linavyofika kwenye kiota cha Koguta bila mwenye jembe kujua.

Sheria haikosekani. Tangu mwaka 1999 Kenya ina sheria kuu ya kusimamia mazingira, na kanuni za mwaka 2009 zinahusu hasa ardhi oevu, kingo za mito na fukwe. Ukingo wa mto unapaswa kuachwa kwa upana usiopungua mita 6 na kufikia mita 30, kutegemea ukubwa wa mto. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe, na kwa muda misumeno ilisikika. Kisha miti ikachipua upya, maana mkaratusi uliokatwa na kuachiwa kisiki haujafa. Amri ya kukata bila kitu cha kupanda badala yake ni sawa na kumwambia mkulima aache mapato na abaki akitazama ardhi tupu. Ndiyo maana naamini kosa letu kubwa lilikuwa kuugeuza mkaratusi kuwa adui, badala ya kuuhamisha. Mti huo una mahali pake: vilele vya vilima vyenye mawe, mipaka ya juu ya shamba, ardhi iliyochoka isiyoota chai wala ndizi. Kiwanda cha chai kinachohitaji kuni kinaweza kuwapa wakulima wake sharti moja tu, kwamba hakinunui mti uliokatwa kutoka bondeni. Bonde lingepona kwa nguvu ya soko lilelile lililoliharibu.

Na bondeni pana kazi ya kuingiza pesa bila kukausha. Mianzi hushikilia kingo na huuzwa. Mabingobingo kwenye mistari ya mteremko hulisha ng'ombe wa zero-grazing huku yakizuia udongo. Nduma hukubali maji bila kudai mtaro mrefu, mradi zisifike hadi mlangoni pa chemchemi. Matete na ndago, vikiachwa kipande cha katikati penye maji zaidi, hurudi vyenyewe baada ya misimu michache, kwa sababu mbegu na mizizi vingali humo ardhini. Hakuna anayetarajia ardhi oevu ya Sironga, kule Nyamira, iwe kama Yala. Inatosha ibaki chepechepe, ishike maji ya Aprili mpaka Julai.

Ufukweni nako kuna cha kujifunza. Mafunjo yakikatwa kwa zamu, kipande hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, bila kuchomwa wala kung'olewa mizizi, huota tena yakarefuka ndani ya mwaka mmoja hivi, na ndege huhamia kipande cha pili wakingoja. Wasukaji wa mikeka wa Dunga wanaishi kwa mmea huo, na baadhi ya vijana wa hapo hujipatia riziki kwa kuwaongoza wageni kumtafuta kindege na tiva. Watu hao ndio walinzi wa kwanza, kwa sababu wanapoteza chakula siku mafunjo yanapoungua. Ukipita Kisumu, lipa safari ya mtumbwi, nunua mkeka. Pesa hiyo inafanya kazi kuliko mabango ya semina.

Lipo jambo jingine ninaloliona kuwa la lazima, nalo halihitaji fedha. Watoto wetu wanajua majina ya wanyama wa Maasai Mara kwa sababu wamo kwenye vitabu na kwenye noti, lakini hawajui ndege aliye kwenye kijito cha nyuma ya shule. Shirika la Nature Kenya, ambalo chimbuko lake ni chama cha wapenda maumbile kilichoanzishwa mwaka 1909, limekuwa likifanya kazi na vikundi vya wenyeji katika maeneo kama Yala kwa miaka mingi. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea kumbukumbu za mtu yeyote anayejua kutambua ndege na kuandika ni wapi na lini. Mwalimu wa sayansi huko Nyamaiya au Ogembo anaweza kuwatoa wanafunzi saa 12 na nusu asubuhi, mara moja kwa mwezi, wakakaa kando ya bonde wakiwa kimya na kuandika walichosikia. Watakosea mwanzoni. Baada ya mwaka watakuwa na daftari linaloonyesha ni ndege gani walirudi pale mikaratusi ilipohamishwa, na wao ndio watakaobishana na baba zao kwa ushahidi.

Nimewahi kuulizwa, ndege wa gramu chache anafaa nini kwa mtu mwenye nusu ekari na watoto watano. Faida za mafunjo nimekwisha kuzitaja: maji, samaki, kinga ya mafuriko. Ni za kweli na zinatosha kumshawishi mjumbe wa bunge la kaunti. Lakini hata kama kindege huyu asingetuletea tone moja la maji safi, bado ningeandika sura hii. Alikuwapo kabla ya kaunti, kabla ya chai, kabla ya hati za ardhi. Ana wimbo wake, hata kama ni mfupi. Hatukumpa uhai wala hatuna ruhusa ya kuutoa kwa sababu tu tulihitaji mistari kumi zaidi ya nyanya.

Wajumbe wa mabunge ya Kisii na Nyamira wana uwezo wa kupima mabonde yao, kuweka alama kwenye kingo za mito, na kukubaliana na wenzao wa Migori, Homa Bay na Kisumu kwamba mto ni mmoja. Viwanda vya chai vina uwezo wa kuchagua kuni zinatoka wapi. Nawe msomaji, kama msimu huu wa mvua una miche ya mikaratusi mkononi, ipeleke kilimani. Pima hatua 30 kutoka kwenye maji, na hapo katikati usipande kitu.